Mzazi, mtoto hujifunza kula kwa kukutazama

Jioni inapoingia katika vijiji vya machimbo kama Nyarugusu na Lwamgasa mkoani Geita, au Kakola na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, pilikapilika huwa nyingi. Baba ndiyo kwanza anatoka duarani, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Mama anafunga genge. Mtoto wa darasa la pili amerudi shuleni zamani, amepewa shilingi mia tano, amenunua maandazi na juisi ya pakiti. Mdogo wake wa miaka miwili amelala mgongoni kwa dada, na mlo wake wa mwisho wa maana ulikuwa uji wa asubuhi.

Ugali unapoiva saa tatu usiku, kila mmoja ameshakula kitu mahali fulani. Baba amekula kwa mama ntilie, mama ameonjaonja gengeni. Watoto wanaamshwa, wanamega matonge mawili huku wanasinzia, kisha wanarudi kulala. Nyumba imepika na chakula kimeliwa, lakini familia haijala pamoja.

Wazazi wengi huliona hilo kuwa jambo dogo. Muhimu, wanasema, ni mtoto ashibe. Lakini kushiba ni kitu kimoja na kujua kula ni kitu kingine. Mtoto hazaliwi akijua kwamba mboga za majani ni chakula, kwamba maji hukata kiu kuliko soda, au kwamba mtu huacha kula akishiba. Anafundishwa, na darasa lake la kwanza ni sinia la nyumbani.

Dhahabu ipo, chakula kipo, udumavu upo

Geita ni mkoa wenye neema. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wachimbaji wadogo wametapakaa kila wilaya. Ardhi inatoa mahindi, muhogo, viazi vitamu, maharage na mananasi. Ziwa Victoria liko jirani, na dagaa na sato wanafika sokoni kila siku.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa huo watoto takriban 39 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao. Kwa nchi nzima ni watoto 30 kati ya 100. Geita haiko peke yake: Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifika kwa kulisha nchi, ndiyo iliyoongoza kwa udumavu katika utafiti huohuo.

Udumavu si ufupi tu. Mtoto aliyekosa lishe tangu akiwa tumboni hadi afikishe miaka miwili huathirika pia katika ukuaji wa ubongo, uwezo wa kujifunza na nguvu za kupambana na maradhi. Kipindi hicho ndicho wataalamu wanachokiita siku 1,000 za mwanzo. Kikishapita, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea.

Takwimu hizi zinaeleza jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulitafakari. Umaskini na maradhi yana sehemu yake kubwa, lakini mtoto anaweza kudumaa hata katika nyumba yenye debe la mahindi uvunguni na simu mbili mezani. Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisaini mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa yote. Mikataba hiyo ni muhimu, lakini mkuu wa mkoa hawezi kuketi kwenye kila sinia. Anayeketi hapo ni mzazi.

Walichojua wazee wa shikome

Usukumani, chakula cha jioni kilikuwa na mahali pake. Wanaume na wavulana walikutana kwenye shikome, moto wa nje ya nyumba, wakala pamoja na kusikiliza mazungumzo ya wakubwa. Wasichana na watoto wadogo walikula na mama na bibi upande wa jikoni. Si kila kitu katika utaratibu huo kinafaa leo, lakini wazee walijua jambo moja muhimu: mlo ni wakati wa kulea.

Pale mtoto alijifunza kunawa kabla ya kugusa chakula, kula upande wake, kutomwangalia mwenzake mdomoni na kumngoja mkubwa. Hakuna aliyemwita darasani. Alitazama, akaiga.

Watoto wa leo nao wanatazama na kuiga. Baba akisukuma kando bakuli la mlenda na kusema "mimi hizi siziwezi", mtoto wa kiume amejifunza kwamba mboga si chakula cha wanaume. Mama akishushia kila mlo kwa soda, binti amejifunza kwamba maji ni ya kuogea. Mzazi akila huku macho yako kwenye simu, mtoto naye atataka katuni ndipo ameze. Ukimhubiria mtoto juu ya mchicha mwezi mzima huku wewe huugusi, atafuata unachofanya, si unachosema.

Firigisi ni ya nani?

Kuna mafundisho ya sinia yanayohitaji kuangaliwa upya. Katika nyumba nyingi, nyama hugawiwa mwisho, na anayegawa ni mkubwa. Mtoto akinyoosha mkono mapema anaitwa mroho. Firigisi ni ya baba, paja ni la mgeni, na mtoto anapata mchuzi na shingo. Mayai yanapelekwa sokoni au yanaachwa yaatamiwe. Zipo hata familia zinazoamini kwamba mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi.

Heshima ni jambo jema na mtoto afundishwe kungoja. Lakini mwili wa mtoto wa miaka mitatu unajenga mifupa, damu na ubongo kwa kasi ambayo mwili wa baba yake umeshaiacha. Kwa kipimo cha mahitaji, kipande kidogo cha ini, yai au dagaa kina kazi kubwa zaidi kwa mtoto kuliko kwa mtu mzima. Zaidi ya nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wana upungufu wa damu, na vyakula vya asili ya wanyama ni miongoni mwa vyanzo bora vya madini ya chuma.

Baba anaweza kubadili jambo hili kwa tendo moja. Siku kuku anapochinjwa, aikate firigisi mbele ya wote na kumpa kila mtoto kipande. Heshima yake haitapungua, na watoto watakuwa wamejifunza kwamba mkubwa ni yule anayehakikisha wadogo wamepata.

Mdogo awe na bakuli lake

Kula kwenye sinia moja kunajenga undugu, lakini kuna anayeumia bila kuonekana. Ni yule mwenye umri chini ya miaka miwili au mitatu. Kaka zake wanamega haraka, naye bado anatafuna tonge la kwanza. Sinia linapokwisha, kila mtu anaamini naye amekula.

Dawa yake ni rahisi: mdogo apakuliwe kwenye bakuli lake, lakini aketi na wenzake. Hivyo mama anajua ameanza na kiasi gani na amebakiza kiasi gani, na mtoto bado anajifunza kwa kuwatazama wengine.

Mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha anaanza chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Kuanzia miezi sita hadi minane anakula mara mbili hadi tatu kwa siku, akianzia vijiko viwili au vitatu hadi nusu ya kikombe cha mililita 250 kila mlo. Miezi tisa hadi 11 anakula nusu kikombe mara tatu hadi nne. Kuanzia mwaka mmoja hadi miwili anafikia robo tatu hadi kikombe kizima, mara tatu hadi nne, pamoja na kitafunwa kidogo kama tunda katikati ya milo.

Uji wake usiwe maji. Tumbo la mtoto ni dogo, na uji mwepesi hulijaza bila kumpa nguvu. Uji mzuri ni ule unaokaa kwenye kijiko bila kutiririka, uliotiwa karanga zilizosagwa au maziwa. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, kwa sababu zinaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa.

Usimshikie fimbo

"Maliza chakula, la sivyo hulali!" Kauli hii inasikika kila usiku katika nyumba nyingi, na huwa inatoka kwenye upendo. Mzazi aliyekula kwa shida utotoni anaumia kuona chakula kinaachwa. Wengine huenda mbali zaidi: humbana mtoto pua, humlaza mapajani na kumnywesha uji kwa nguvu. Hilo ni hatari, maana uji unaweza kuingia kwenye mapafu.

Tena, kulazimisha hakuleti matokeo yanayotarajiwa. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, akiwamo mwanasaikolojia Leann Birch aliyetumia maisha yake kuchunguza ulaji wa watoto, walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wa chekechea waliopewa supu. Watoto walipohimizwa mara kwa mara wamalize supu yao, walikula kidogo kuliko walipoachwa wale wenyewe, na walitoa maneno mengi zaidi ya kuikataa.

Utafiti wa muda mrefu wa Birch na wenzake ulionyesha jambo jingine la kumfariji mzazi: mtoto anayekataa chakula kipya leo hajakikataa milele. Huenda akahitaji kukionja mara nane, kumi au zaidi ndipo akizoee. Mama anayepika mgagani mara mbili, akaona mtoto ametema kwa uchungu wake, na kuamua "huyu hapendi mboga", amekata tamaa mapema mno. Aweke kijiko kimoja pembeni ya ugali kila unapopikwa, yeye mwenyewe aule kwa furaha, na asiseme neno.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, aliugawa wajibu wa mezani kwa namna ambayo wazazi wengi duniani wameiona inasaidia. Mzazi anaamua kinaliwa nini, saa ngapi na mahali gani. Mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Mzazi hapiki chakula cha pili kwa aliyesusa, na mtoto halazimishwi kumaliza. Atakayeacha leo atakula vizuri mlo unaofuata, mradi katikati hakupewa biskuti.

Angalizo moja: hayo ni kwa mtoto mwenye afya. Mtoto anayekataa kila kitu, anayepungua uzito, anayevimba miguu au aliyepoa na kukosa uchangamfu apelekwe kituo cha afya mara moja. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumpima kwa utepe wa mkono. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, kipimo chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na huyo asisubiri hadi kesho.

Chakula kizuri si lazima kitoke dukani

Mwaka 2023 Tanzania Bara ilizindua mwongozo wake wa kitaifa wa chakula na ulaji, unaopanga vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi, vyakula vya asili ya wanyama, jamii ya kunde, karanga na mbegu, mboga, matunda, na mafuta yenye afya. Mzazi wa Kishapu au Chato anaweza kudhani orodha kama hiyo imeandikwa kwa ajili ya watu wa mjini. Lakini akitazama vizuri, karibu yote ataiona nyumbani kwake.

Ugali wa mtama, mahindi au udaga upo. Dagaa, maziwa mgando na mayai vipo. Choroko, kunde, dengu na karanga ni mazao ya hukuhuku. Mboga ni mlenda, mgagani, matembele na majani ya kunde. Matunda ni maembe, mapapai na mananasi kwa msimu wake, na porini kuna ubuyu na ukwaju.

Kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko. Ugali na mlenda pekee, leo, kesho na keshokutwa, hujaza tumbo na kuuacha mwili na njaa. Ukiongeza kiganja cha dagaa na karanga zilizotwangwa kwenye mlenda uleule, mlo umebadilika kabisa. Kipande cha embe au chungwa baada ya kula husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na kunde. Chai ya rangi iliyonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume chake, hivyo ingojewe kwa saa moja hivi.

Mabibi wa Usukumani walijua pia kuhifadhi. Walianika majani ya kunde yakawa nsansa, na viazi vitamu vikawa michembe na matobolwa, ili kiangazi kisiwakute mikono mitupu. Ujuzi huo ni wa kuendelezwa, kwa marekebisho madogo: mboga zianikwe kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huharibu vitamini A. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vina utajiri wa vitamini hiyo kuliko viazi vyeupe. Kazi ya kuviendeleza na kuvieneza Afrika iliwapa wanasayansi watatu, mmoja wao Mganda Robert Mwanga, sehemu ya Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Watoto wapewe kazi katika chakula hicho. Wa miaka mitatu anaweza kuchambua mboga, wa miaka sita kumenya karanga, wa miaka kumi kumwagilia tuta la mchicha kwa maji yaliyooshea vyombo. Mtoto aliyechuma matembele mwenyewe huyala kwa fahari, na atamwambia kila mtu kwamba ni yeye aliyeyaleta.

Mia tano ya mtoto inakwenda wapi?

Kwenye machimbo fedha huja kwa kishindo. Siku mzigo ukitoa dhahabu, baba hurudi na mfuko wa biskuti, pipi na soda, na watoto humpokea kwa shangwe. Siku mzigo ukikataa, nyumba hukopa unga. Polepole mtoto hujifunza kwamba vyakula vya pakiti ndiyo utajiri, na choroko ni alama ya shida.

Soda yenye gramu 10 hivi za sukari katika kila mililita 100 humpa mtoto gramu 35 kwa chupa moja ya mililita 350, yaani zaidi ya vijiko vinane vya chai. Mtoto aliyeinywa saa kumi na moja jioni hatakuwa na hamu ya ugali saa mbili. Kisha mama hulalamika kwamba mtoto hapendi chakula.

Si lazima soda ipigwe marufuku. Kilichokatazwa kabisa hutamaniwa zaidi. Ibaki kuwa ya sikukuu. Baba akipata, arudi na trei ya mayai, samaki au nanasi, na akabidhi kwa shangwe ileile aliyokuwa nayo alipoleta biskuti. Shangwe hiyo nayo inamfundisha mtoto kipi ni cha thamani.

Jiko si mahali pa zebaki

Ukanda wa dhahabu una tabia moja zaidi ya kufundisha mezani, nayo haipatikani katika vitabu vya lishe vya mikoa mingine. Baadhi ya wachimbaji wadogo huchomea dhahabu yenye zebaki nyumbani, wakati mwingine kwenye jiko la kupikia. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huingia kwa kuvutwa pumzi na kudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto na mimba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini ulinzi wa kwanza uko nyumbani.

Zebaki isiingie ndani. Sufuria, kikaango au kijiko kilichogusa zebaki kisirudi jikoni hata kikisuguliwa. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe mbali na za watoto. Baba aoge au walau anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kumpakata mtoto na kabla ya kula. Watoto watamwona akinawa, nao watanawa.

Anza na mlo mmoja

Familia ya machimboni haiwezi kula pamoja mara tatu kwa siku, na hakuna sababu ya kujilaumu. Ichague mlo mmoja. Kama baba yuko duarani usiku, mlo wa familia unaweza kuwa uji na viazi vya asubuhi, au chakula cha mchana cha siku asiyokwenda kazini. Kama baba yuko mbali kwa wiki nzima, bibi, mjomba au kaka mkubwa anaweza kukaa kwenye kiti chake.

Mlo huo mmoja uwe na kanuni chache zisizobadilika. Wote wananawa. Simu zinakaa kando. Mdogo ana bakuli lake. Kuna angalau mboga moja, na kuna kitu kimoja kati ya dagaa, yai, maziwa, kunde au karanga. Kinywaji ni maji safi. Hakuna kugombezana; kesi ya daftari lililopotea isubiri hadi vyombo vioshwe. Upikwe mapema, kabla mdogo hajasinzia, hata kama maana yake ni kubakiza chakula cha baba kwenye hotipoti.

Mwezi wa kwanza huenda usione kitu. Mtoto atasusa, atatema, atalilia chipsi. Endelea kuweka, endelea kula mbele yake. Kliniki na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila baada ya miezi mitatu, ndiko utakakopima kama kilo na urefu vinapanda.

Dhahabu ya duara moja huisha, na wachimbaji wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mtoto aliyezoea kula vizuri huondoka na tabia hiyo popote aendapo, na siku moja atawapakulia watoto wake kama alivyokuona ukimpakulia yeye.